Nifungue au Nisifungue?



Nawasalimu ninyi nyote mtakaosoma ukurasa huu, mlio kambini na mlio hapa mjini Kampala, mliopata habari njema na mnaoendelea kuingoja. Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya sala, ndoa na malezi ya watoto. Leo naomba mnivumilie, kwa maana nataka kuzungumza juu ya giaboksi ya gari. Msicheke. Swali hili liliingia nyumbani kwangu saa 3 ya usiku likiwa na mikono yenye grisi, na tangu siku ile halijaniacha.

Ndugu aliyelileta ni fundi wa magari. Alijifunza kazi Bukavu akiwa kijana, na hapa Kampala amepata nafasi katika kiwanja cha mafundi upande wa Katwe. Magari anayoyajua ni yale tunayoyapanda kila siku: Hiace za teksi, Corolla, pikapu za kubebea ndizi. Giaboksi ya Hiace anaweza kuifungua huku anaongea nawe habari za kwao.

Basi siku moja mzee mmoja Mganda alimletea gari ambalo wengi wetu hatujaligusa maishani. Ni Datsun 240Z, gari la mbio lenye milango 2 na viti 2, pua ndefu, na injini ya lita 2.4 yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Wajapani wa Nissan walianza kulitengeneza mwaka 1969, na mwaka 1973 wakaacha. Mzee alilirithi kwa baba yake. Limekaa miaka mingi chini ya mwembe, na sasa injini imeamshwa, lakini ukiweka gia ya pili inasaga kama mtu anayetafuna mawe.

Mzee alimwuliza, "Wewe si fundi? Utaiweza?" Ndugu yetu akajibu, "Nitaiangalia, ssebo." Malipo waliyozungumza yangemaliza kodi ya nyumba ya miezi 3 anayodaiwa, na kubakiza kitu cha ada ya watoto. Lakini giaboksi ya namna ile hajawahi kuifungua hata siku moja. Usiku ule akaniuliza, "Mchungaji, nifungue au nisifungue?"

Nilitaka kumjibu upesi, kwa sababu wachungaji tunapenda kujibu upesi. Ningeweza kusema, "Funga macho, mtegemee Bwana, fungua." Ningeweza pia kusema, "Usiguse usichokijua." Majibu yote mawili yana Biblia ya kuyashika mkono. Ndiyo maana tunapaswa kufikiri.

Tuanze na wale wanaosema afungue. Wana hoja, tena kubwa. Hakuna fundi aliyezaliwa akijua. Hata ile giaboksi ya Hiace, kuna siku aliifungua kwa mara ya kwanza huku moyo unampiga. Kama kila mtu angengoja kujua ndipo afanye, hakuna ambaye angejua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imetupa haki ya kufanya kazi, nasi tukiambiwa tu "hii huiwezi, na ile si ya watu kama ninyi", tutabaki kuosha magari ya wengine mpaka uzee. Tena katika Kutoka 31 tunasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono: kuchonga mawe, kufua dhahabu, kukata mti. Roho Mtakatifu haoni haya kuingia kiwandani. Na yule mtumwa wa Mathayo 25 aliyeizika talanta ardhini hakuiba kitu. Kosa lake lilikuwa hofu aliyoivika nguo za unyenyekevu.

Sasa tuwasikilize wanaosema asifungue. Katika 2 Wafalme 6 wana wa manabii walikuwa wanakata miti kando ya Yordani, na chuma cha shoka la mmoja wao kikaanguka majini. Angalieni alichomlilia Elisha. Hakulia kwamba kazi imesimama. Alilia kwamba lile shoka halikuwa lake, alikuwa ameliazima. Mtu huyu alikuwa na dhamiri. Alijua kwamba kupoteza chako ni hasara, lakini kupoteza cha mwingine ni hasara yenye deni ndani yake.

Na sisi wakimbizi karibu kila tunachokishika ni cha kuazima. Nyumba ni ya mwenye nyumba. Ardhi tunayolima kambini tumepewa tuitumie. Hata jina letu zuri hapa ni la kuazima, maana mmoja wetu akiharibu, watu hawasemi "fulani ameharibu", wanasema "wale Wakongo".

Giaboksi nayo haina huruma kwa anayeifungua kwa kubahatisha. Ndugu yetu alinieleza vizuri. Ndani kuna shafti zenye meno. Kati ya gia na gia kuna ringi za shaba ambazo kazi yake ni kusawazisha mizunguko, ili gia mbili zenye kasi tofauti zikutane kwa amani. Ringi ikiisha, gia zinakutana kwa ugomvi, na huo ndio ule msago. Katika fimbo za kubadilishia gia kuna gololi ndogo zinazosukumwa na springi. Ukifungua bila kujua zilipo, zinaruka nje, zinaingia mchangani, na wewe hujui zilikuwa ngapi wala zilikaa wapi. Kufungua kunaweza kuwa kazi ya nusu siku. Kurudisha kila kitu kwa mpangilio wake ndiyo kazi yenyewe.

Tena ukivunja kitu cha Hiace, unateremka Kisekka, unatafuta kingine, unalipa, unarudi. Ukipasua kava ya giaboksi ya gari lililoacha kutengenezwa mwaka 1973, utamlipa nini yule mzee? Atapokea fedha zako, kama unazo, lakini gari la baba yake hatalipata.

Basi nilikaa na hoja hizi mbili siku kadhaa. Zote ni za kweli, na kila moja inamwacha ndugu yetu palepale alipokuwa. Mwisho nikaona kwamba tulikuwa tunauliza swali lisilo lenyewe. Tulikuwa tunauliza, "Je, anajua au hajui?" Lakini kutojua si dhambi. Swali lenye uzito ni hili: nani atalipa gharama ya kujifunza kwake, na je, mlipaji ana habari?

Kila kujifunza kuna gharama. Mtoto akijifunza kupika, kuna ugali utakaoungua, na mama anajua, ameukubali ule ugali ulioungua kwa sababu anamtaka mpishi. Huo ni upendo. Lakini nikiuchukua unga wako nikakuambia mimi ni mpishi wa siku nyingi, kisha nikaujaribia, nimekuibia, hata kama chakula kitatoka kizuri. Fikirini neno hilo, "hata kama kitatoka kizuri." Kufanikiwa hakubadilishi uongo kuwa ukweli. Kunauficha tu.

Turudi sasa kwa ile talanta ya Mathayo 25, tusome tulichokiruka. Yule bwana hakuwagawia watumwa wake mali kwa kufumba macho. Alimpa kila mmoja kwa kulingana na alichoweza kukibeba. Alimjua wa tano, alimjua wa mbili, alimjua wa moja. Mwenye mali alijua uwezo wa aliyempa, na kwa hiyo hatari ya biashara ile ilikuwa yake pia. Mzee wetu hakujua. Aliuliza swali, na jibu alilopewa, "Nitaiangalia, ssebo," halikuwa uongo wala halikuwa ukweli. Ni lile jibu letu sisi watu wenye kodi ya kulipa.

Msidhani ninawahukumu mafundi. Naomba niseme langu.

Mwaka wa pili baada ya kutoka chuo cha Biblia, mama mmoja alinijia. Tangu walipotoka Kongo usingizi ulikuwa umemkimbia. Mimi nilikuwa na cheti changu ukutani, na tulikuwa tumesoma somo la ushauri muhula mmoja. Nikamwambia kwa ujasiri, "Mama, sema yote. Toa yote." Akasema. Alisema kwa saa 2, akafika mahali ambapo hata mimi niliyekaa kwenye kiti sikuweza kukaa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimefungua nisichoweza kukifunga. Gololi zilikuwa zimetawanyika sakafuni, nami sikujua hata moja inarudi wapi. Nilimwombea, nikamsindikiza mlangoni. Wiki 3 hakuonekana ibadani. Aliporudi alikaa benchi la mwisho, na mpaka leo hanijii tena kwa shauri.

Wapendwa, hapa Kampala kulikuwa na watu waliosomea kazi ile ya kuwasaidia walioumizwa na vita, nami nilijua wako wapi. Kilichonizuia ni aibu ya kusema, "Mama, hili silijui, lakini twende pamoja kwa anayelijua." Nilitaka kuonekana mchungaji kamili. Aliyelipa gharama ya kujifunza kwangu ni yeye, wala hakuambiwa.

Kwa hiyo ndugu yetu aliporudi sikumwambia fungua, wala sikumwambia usifungue. Nilimwambia mambo matatu.

Kwanza, hesabu kabla ya kushika spana. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kupiga hesabu kama anacho cha kumalizia. Na ndugu yetu, kwa kuwa ni fundi kweli, alijua hesabu ya giaboksi inaanzia nje. Klachi ikiwa haiachii vizuri, gia karibu zote zitasaga, hasa ya kurudi nyuma, na hapo ugonjwa haumo ndani. Oili ikipungua au ikiwa si yake, gia zitalalamika. Kuna oili ya aina ya GL-5 inayofaa difu, lakini baadhi yake ina dawa za salfa zinazoweza kula ringi za shaba, ndiyo maana kwa giaboksi nyingi za zamani hushauriwa GL-4. Ni watu wangapi wamefungua giaboksi nzima kwa ugonjwa wa klachi? Na ni wangapi wamevunja ndoa nzima kwa ugonjwa wa njaa na uchovu? Anza na kilicho karibu, na cha bei ndogo, ambacho hakivunji kitu.

Pili, mwambie mwenye mali. Mwambie yote: "Mzee, kazi ya giaboksi naijua miaka mingi, lakini ya gari hili sijawahi kuifungua. Ninaloweza ni hili, nisiloliweza ni hili, na hatari ni hii." Usimwambie kwa unyonge kama anayeomba msamaha, wala kwa maringo. Ukimwambia, ule ugali ukiungua mtakuwa mmeuunguza wawili.

Tatu, usifungue peke yako. Mungu alipomjaza Bezaleli Roho, hakumwacha peke yake. Katika sura ileile alimpa Oholiabu wa kufanya kazi naye, na mafundi wengine wenye hekima. Kama aliyejazwa Roho wa Mungu alihitaji msaidizi, sisi tuliojazwa madeni tutajidai nini?

Nilipofika hapo nilimkumbuka mtu mmoja ambaye historia yake inaligusa gari lenyewe. Shekhar Mehta alizaliwa hapa Kampala mwaka 1945, katika familia ya Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, yeye naye alikimbilia Kenya. Hakuwa maskini kama sisi, lakini siku ya kufukuzwa tajiri na maskini wote hutazama nyuma kwa macho yaleyale. Mwaka uliofuata, 1973, alishinda mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lake lilikuwa Datsun 240Z. Baadaye alishinda tena miaka 4 mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982, akitumia Datsun za namna nyingine. Alifariki London mwaka 2006.

Ninalipenda jambo moja katika ushindi ule wa 1973. Mehta na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za makosa. Ili kumpata mshindi walitazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuandikiwa kosa la kwanza. Huyo alikuwa Mehta. Na hakuwa peke yake garini. Kando yake alikaa Lofty Drews akisoma njia, na nyuma yao kulikuwa na mafundi wenye vipuri. Tunakumbuka jina la dereva, lakini safari ile ilikuwa ya watu wengi, na kila mmoja alijua mwenzake anaweza nini na hawezi nini.

Sasa mtaniuliza, yule ndugu alifanya nini? Alikwenda kwa mzee akasema kweli. Ningependa kuwaambia kwamba mzee alimkumbatia. Haikuwa hivyo. Mzee alinyamaza, akachukua ufunguo wake, akasema atafikiri. Siku 11 hakupiga simu. Mwenye nyumba alikuja mara 2. Mama watoto alimwuliza mumewe, "Huu ukweli wako umetulisha nini?" Naye akanijia kuniuliza mimi, nami sikuwa na jibu. Nilichangia kilo 5 za unga, nikaona haya jinsi zilivyo nyepesi mkononi. Wapendwa, tusiwadanganye watu kwamba uaminifu hulipa mwisho wa mwezi. Mara nyingine hulipa baadaye, na mara nyingine hatuoni malipo yake upande huu wa kaburi. Tunausema ukweli kwa sababu Mungu tunayemwabudu ni wa kweli.

Siku ya 12 mzee alirudi na masharti yake. Giaboksi itafunguliwa nyumbani kwake, si kiwanjani. Yeye mwenyewe atakaa pale kwenye kiti. Atakuja na fundi mstaafu, rafiki wa marehemu baba yake, ambaye mikono yake sasa inatetemeka lakini kichwa chake kinakumbuka. Ndugu yetu atafungua, ataandika kila kilichoharibika, kisha atasimama. Asivunje wala kulazimisha chochote. Malipo ya kufungua ni nusu ya yale ya kwanza.

Walifungua Jumamosi. Nilikwenda kuwatazama. Yule mzee wa mikono inayotetemeka alisema, "Weka kitambaa hapo, gololi inakuja," na kweli ikaja, ikaangukia kwenye kitambaa. Kila kipande kiliwekwa kwenye trei kwa kufuata mpangilio kilivyotoka, na mtoto wa ndugu yetu alikuwa anaandika namba kwenye karatasi. Ringi ya gia ya pili ilikuwa imekwisha kabisa, na beringi moja ilikuwa na mashimo. Ringi ile haikupatikana Kisekka, itabidi iagizwe nje. Hadi ninapoandika haya, gari liko juu ya matofali, giaboksi iko kwenye trei, na ndugu yetu amelipa kodi ya mwezi mmoja na nusu, si mitatu. Sijui kama gari lile litatembea tena. Lakini kila wanachokijua mafundi, mzee anakijua, na akipita kiwanjani humwita ndugu yetu kwa jina lake.

Msomaji wangu, huenda hujawahi kushika spana. Lakini upo mama uliyepokea kitambaa cha harusi, nawe mshono ule huujui. Upo kijana unayetaka kushika fedha za likelemba, na hesabu zinakuchanganya. Yupo anayempa mtoto wa jirani dawa kwa kukisia. Yupo mzee wa kanisa anayeitwa kupatanisha watu waliouana ndugu. Kabla ya kufungua, jiulize: ni cha nani? Mwenyewe anajua kwamba sijui? Nimepima kilicho nje kabla ya kuingia ndani? Nani atakaa kando yangu? Na nitasimama wapi nikiona nimefika mwisho wa ujuzi wangu? Ukiyajibu hayo mbele za Mungu na mbele ya mwenye mali, fungua bila woga. Usipoweza kuyajibu, iache ikae imefungwa kwanza. Kitu kilichofungwa kinaweza kumngoja fundi.

Nami nimeamua kwenda kwa yule mama wa benchi la mwisho. Sitamwomba aseme tena. Nitamwambia kile nilichopaswa kumwambia siku ile, na kumwomba radhi.

Mniombee. Bwana aibariki kazi ya mikono yenu, na akupeni ujasiri wa kusema "sijui" pale inapopasa. Amina.

Ni mimi mchungaji na mkimbizi mwenzenu.